Testosteroni imeshuka au shida iko kwingine? Namna ya kujua kabla hujatoa hela yako

Wanaume wengi wanatembea na jibu moja tu kichwani, "nguvu zimepungua", na jibu lenyewe kapewa na mtu anayeuza dawa. Mimi nafanya kazi maabara, nachukua damu na kupima, na hawa kaka zangu nakutana nao kila wiki. Mwingine kashamaliza ada ya mtoto kwenye vumbi la Kongo, mkuyati na viasali vya pakti, na hajawahi kupima hata sukari. Inaniuma kweli. Kwaiyo naweka hapa hatua kwa hatua, mtu asome ajue kama ni testosteroni, yaani homoni ya kiume, kweli au ni kitu kingine, maana mara nyingi ni kitu kingine na hicho kitu kingine ndo hatari zaidi.

Anza kwa kutofautisha hamu na kusimama

Hapa ndo watu wengi wanapotea. Uume kusimama ni kazi ya mishipa ya damu, neva na akili iliyotulia, testosteroni inasaidia ila haifanyi peke yake. Kazi yake kubwa ni hamu yenyewe. Sasa jiulize kwa ukweli, uko peke yako hapo hakuna anayekusikia, hamu ipo ila mwili hauitiki, au hamu yenyewe imeondoka, unaweza kukaa mwezi mzima hata wazo halijaja?

Kama hamu ipo vizuri ila kusimama ndo shida, fikiria kwanza kisukari, presha, sigara, mafuta kwenye damu, stresi, na dawa unazotumia. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ile ya moyo, kwaiyo ikianza kuziba inajionyesha huku chini mapema, wakati mwingine miaka kadhaa kabla moyo haujaleta shida. Mtu wa miaka 45 anakimbilia kununua unga wa mizizi kumbe mwili unamwambia kapime presha na sukari. Na kama kusimama kunagoma kwa mke tu ila asubuhi unaamka uko sawa kabisa, basi mishipa na homoni mara nyingi viko salama, hapo angalia mawazo, ugomvi wa ndani, madeni, uchovu.

Kama hamu imeondoka na ile ya asubuhi nayo imekuwa adimu, endelea kusoma.

Hatua ya 1: dalili zenye uzito na zisizo na uzito

Kuna utafiti mkubwa ulifanyika Ulaya ukatoka 2010, wanaume zaidi ya 3,000 wa miaka 40 hadi 79, wakawauliza dalili nyingi sana afu wakalinganisha na damu. Zilizoshikamana kweli na testosteroni ndogo zilikuwa tatu, na zote za chumbani: hamu kupungua, kusimama kwa asubuhi kupungua, na uume kushindwa kusimama wakati wa tendo. Zikija tatu kwa pamoja ndo una sababu nzuri ya kupima. Uchovu peke yake, hasira peke yake, kitambi peke yake, haitoshi.

Zingine zenye uzito, hizi usizipite haraka:

- matiti kuanza kujaa au kuuma, na sio mafuta tu, ukibonyeza chini ya chuchu unakuta kitu kigumu kama kisahani
- ndevu na nywele za kwapani kupungua, ulikuwa unanyoa kila baada ya siku mbili sahivi wiki inapita
- korodani kusinyaa
- mimba haipatikani
- joto la ghafla linapanda usoni na jasho bila sababu
- mfupa kuvunjika kwa kuanguka kidogo tu
- wingi wa damu kushuka na chanzo hakionekani

Halafu kuna zile za kila mtu, uchovu, kusinzia baada ya kula, kukosa raha, kusahau, misuli kulegea. Hizi zinaletwa na testosteroni ndogo ndio, ila zinaletwa pia na malaria, tezi ya shingo, sonona, kulala masaa matano tu, kazi mbili kwa siku. Yale maswali 10 ya kujipima testosteroni yanayozunguka kwenye simu yalitoka chuo kikuu cha Saint Louis kule Marekani mwaka 2000, na ubaya wake ni kwamba yanawakamata na wengi ambao hawana tatizo, maana mtu yeyote aliyechoka na maisha atajibu ndio kwenye nusu ya maswali. Tumia kama ukumbusho tu, usijihukumu nayo.

Na umri nao usikutishe sana. Testosteroni inashuka polepole, kama asilimia 1 kwa mwaka kuanzia kwenye miaka ya 30 na kitu, 40. Mzee wa miaka 65 asiye na kitambi kikubwa wala ugonjwa anaweza kuwa na kiwango kizuri tu kumzidi kijana wa 35 mwenye kilo 120.

Hatua ya 2: jikague mwenyewe

Baada ya kuoga maji ya moto, wakati ngozi ya korodani imelegea, shika korodani moja moja kwa vidole, taratibu. Unatafuta mambo mawili, ukubwa na uvimbe. Uvimbe mgumu hata usiouma ni wa kwenda hospitali wiki hiyo hiyo, hauhusiani na mada yetu ila nimeona nisinyamaze.

Kuhusu ukubwa, daktari ana kifaa chake cha kupimia, ni shanga 12 zimetungwa kwenye uzi, ndogo kabisa ina mililita 1 na kubwa ina 25, anashika korodani kwa mkono huu na shanga kwa mkono ule analinganisha. Mtu mzima kawaida anaanzia kama 15 kwenda juu. Kijana wa miaka 14 ambaye korodani hazijaanza kukua kabisa apelekwe kwa daktari, asiambiwe tu atakua taratibu.

Hapa nikae kidogo. Kuna hali inaitwa Klinefelter, mtoto wa kiume anazaliwa na kromosomu X moja ya ziada, inatokea kwa takriban mmoja kwa kila wanaume 600 hivi, kwaiyo sio ajabu kama watu wanavyodhani. Mwanaume anakua kawaida, mara nyingi mrefu mwenye miguu mirefu, ndevu chache, korodani ndogo na ngumu. Wengi hawajijui mpaka waoe watafute mtoto. Na kwetu mtoto asipopatikana anaanza kusumbuliwa nani? Mke. Anapelekwa kwa mganga, anapelekwa kusafisha kizazi, mawifi wanaanza kusema, miaka inaenda, na mwanaume hajawahi hata kushikwa korodani na daktari. Ndugu yangu kama mnatafuta mtoto mwaka umepita, nendeni wote wawili, na kipimo cha mbegu ni rahisi kuliko karibu kila atakachopimwa yeye.

Hatua ya 3: andika historia yako na kila dawa

Chukua karatasi au simu, andika. Ulipata matubwitubwi ukubwani yakashuka kwenye korodani? Korodani iliwahi kujizungusha, kupigwa mpirani, au ulizaliwa moja haijashuka? Ulitibiwa saratani? Una sikoseli, VVU, kisukari, ugonjwa wa ini au figo? Unakoroma mpaka mke anahama chumba, afu mchana unasinzia kwenye daladala? Yote haya daktari anayahitaji.

Kwenye dawa ndo watu wanaficha. Tramadoli, na jamii yake yote ya dawa kali za maumivu, ukitumia kwa muda mrefu inazima amri inayotoka kichwani kwenda korodani. Najua kuna vijana wa bodaboda wanaimeza ili wasichoke, sisemi kwa kulaumu, kazi ni ngumu, ila hamu ikipotea ujue pa kuanzia kutafuta. Deksamethasoni na prednisoloni za kunenepea bila daktari, nazo hivyo hivyo. Ketokonazoli ya vidonge, ile dawa ya fangasi. Baadhi ya dawa za magonjwa ya akili zinapandisha prolaktini, homoni ya maziwa, na hizo usiache mwenyewe, mwambie aliyekuandikia. Pombe kila siku nayo andika, na kiasi.

Halafu sindano za jimu. Kaka unayetaka kifua, ukichoma testosteroni ya nje ubongo unaona ipo nyingi, unaziambia korodani zipumzike, zinasinyaa na mbegu zinaisha. Siku ukiacha, ile ya nje imeondoka na ya ndani haijaamka, unabaki hamna kitu kwa miezi, wengine zaidi ya mwaka. Daktari akiuliza mwambie ukweli, yuko pale kukusaidia, bila hiyo taarifa atahangaika kutafuta ugonjwa usiokuwepo.

Hatua ya 4: kupima, na hapa ndo pesa nyingi inapotea

Testosteroni inapanda alfajiri na kushuka kadri siku inavyoenda, hasa kwa vijana. Kwaiyo damu inachukuliwa kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi, hujala kitu, maji ruksa. Kula kunaishusha kwa muda. Alikuja kijana mmoja saa 9 alasiri ametoka kula chipsi mayai, karatasi imeandikwa tu pima testosteroni, yuko na haraka anarudi kazini. Jibu likatoka chini, 2.6 kwa kizio cha ng/mL, vizio nitavieleza hatua ya 5. Uso ulimshuka pale pale dirishani. Nikamwambia usinunue kitu, rudi wiki ijayo saa 1 na nusu asubuhi tumbo tupu. Akarudi, ikasoma 4.1, mzima kabisa. Fikiria angeishia kwenye ile karatasi ya kwanza.

Mengine ya kuzingatia kabla ya kuja:

Usipime ukiwa mgonjwa au umetoka kuugua, malaria, homa kali, upasuaji, yote yanaishusha kwa muda. Subiri upone vizuri kabisa. Usiku wa kuamkia kipimo lala, sio utoke msibani au kwenye mechi ya usiku. Kama unakunywa vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini nyingi sema mapema, kwenye mashine nyingi vinapotosha jibu, vinaweza kulionyesha juu wakati iko chini. Na wewe mlinzi au dereva wa usiku, asubuhi kwako ndo jioni, ongea na daktari mpange, kawaida inafaa kuchukua muda mfupi baada ya kuamka kwenye ule usingizi wako mkubwa.

Ikitoka chini, rudia siku nyingine asubuhi, ikiwezekana maabara ile ile. Kipimo kimoja hakimwambii mtu ana upungufu. Viwili, pamoja na dalili. Daktari anayekuanzishia sindano kwa karatasi moja ya mchana, omba kwa heshima kurudia kipimo kwanza, ni haki yako.

Hatua ya 5: kusoma karatasi ya majibu

Watu wanapagawa hapa kwa sababu ya vizio. Mtu kasoma kwenye simu kwamba kawaida inaanzia 300, anafungua majibu yake anakuta 4.5, anaona amekwisha. Hapana. Angalia maandishi madogo pembeni ya namba:

- ng/dL, hapa mpaka unaotumika sana ni 300
- ng/mL, hapa 300 ile ile inaandikwa 3.0, kwaiyo 4.5 yako ni sawa na 450
- nmol/L, hapa 300 ile ile ni kama 10.4

Ukitaka kutoa nmol/L kwenda ng/dL zidisha kwa 28.8. Madaktari wa mkojo wa Marekani wanatumia huo mpaka wa 300. Ulaya wengi wanatumia 12 nmol/L, chini ya 8 wanaona shida ipo wazi, na kati ya 8 na 12 ni eneo la mashaka linalohitaji kuangaliwa zaidi. Na kila maabara inaandika kiwango chake pembeni, huo nao uangalie, maana mashine zinatofautiana.

Kwenye lile eneo la mashaka inabidi ijulikane testosteroni huru, yaani ile isiyoshikwa. Sehemu kubwa ya testosteroni kwenye damu imeshikwa na protini, na moja inaishika sana, SHBG. Mwenye uzito mkubwa na kisukari SHBG yake inashuka, kwaiyo jumla inaonekana ndogo kumbe ile huru iko sawa. Mzee, mwenye ugonjwa wa ini au anayeishi na VVU inaweza kuwa kinyume, jumla nzuri ila huru kidogo. Daktari anapima SHBG na albumini, protini nyingine ya damu, anapiga hesabu.

Hatua ya 6: imethibitika iko chini, sasa kwa nini?

Testosteroni inatengenezwa korodani ila amri inatoka kwenye tezi ya pituitari, iko chini ya ubongo, ndogo kama punje ya njegere, inatuma homoni mbili, LH na FSH. Kwaiyo kipimo kinachofuata ni LH, FSH na prolaktini. LH ikiwa juu maana yake kichwa kinapiga kelele ila korodani haziwezi, tafuta shida kwenye korodani. LH ikiwa chini, au ya kawaida tu wakati testosteroni iko chini, basi amri yenyewe haitoki vizuri, hapo ni uzito, dawa, ugonjwa wa muda mrefu, au uvimbe kwenye pituitari. Ongeza na sukari, picha kamili ya damu, homoni za tezi ya shingo na madini ya chuma.

Usisubiri foleni ya kliniki ukiona haya: kichwa kinauma mfululizo na macho hayaoni pembeni, unagonga fremu za milango au huoni pikipiki inayokuja ubavuni, maziwa kutoka kwenye chuchu, au korodani moja kuuma ghafla sana na kichefuchefu, hiyo ya mwisho ni ya kukimbia usiku huo huo, ikiwa imejizungusha mnazo kama saa sita tu za kuiokoa vizuri.

Kliniki za mkojo zipo kwenye hospitali kubwa za rufaa, Muhimbili, KCMC, Bugando, kwa Kenya Kenyatta. Ukipata daktari wa homoni vizuri zaidi, ila hata daktari wa kawaida wa wilaya ukimpelekea karatasi zilizopimwa kwa utaratibu huu anaweza kuanza na kukupa rufaa.

Kabla ya dawa yoyote

Swali la kwanza unalopaswa kujibiwa au wewe kulitamka: unataka mtoto? Sindano na jeli za testosteroni zinazuia mbegu, mpaka Shirika la Afya Duniani liliwahi kuzijaribu kama uzazi wa mpango wa wanaume, matokeo yakatoka 1990. Yani mtu anatafuta mtoto, anachomwa sindano "ya kuongeza nguvu", na mbegu zinaisha kabisa. Hii ndo inayoniumiza kuliko zote. Ziko dawa zingine zinazoamsha korodani bila kuua mbegu, daktari anazijua, muulize.

Kama mtoto sio hoja na upungufu umethibitika, tiba inafanya kazi na usiiogope. Mwaka 2023 ulitoka utafiti uitwao TRAVERSE, wanaume zaidi ya 5,000 wenye ugonjwa wa moyo au hatari yake, na mshtuko wa moyo na kiharusi havikuzidi kwa waliopewa testosteroni, ingawa mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio na damu kuganda kwenye mapafu vilionekana zaidi kidogo. Kwaiyo ni tiba ya kufuatiliwa: tezi dume, na wingi wa damu, hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu, ikipita asilimia 54 dozi inapunguzwa au inasimamishwa. Mwenye saratani ya tezi dume au ya matiti hapewi hivi hivi.

Na wengi wenye kitambi hawahitaji hata kufika huko. Mafuta ya tumbo yanageuza testosteroni kuwa estrojeni, homoni ya kike, na kuzima amri ya kichwani, ukishusha asilimia 10 ya uzito, kilo 11 kwa mwenye 110, namba inapanda yenyewe. Usingizi nao ni dawa, chuo kikuu cha Chicago 2011 waliwalaza vijana wenye afya masaa matano tu kila usiku kwa wiki moja, testosteroni ya mchana ikashuka kwa asilimia 10 hadi 15. Vijana wadogo hao, wiki moja tu.

Supu ya pweza, karanga mbichi, muhogo na nazi za jioni, kula, ni chakula kizuri, ila usitegemee vipandishe namba kwenye karatasi. Unga na vidonge visivyo na maandishi hivyo ndo viache. Mamlaka za dawa za nchi mbalimbali zimeshakamata mara nyingi bidhaa za "asili" zilizochanganywa kimyakimya na sildenafili, ile dawa iliyo ndani ya Viagra, ndo maana zinafanya kazi ndani ya saa moja, na mtu anayetumia dawa ya moyo ya jamii ya naitreti akimeza hiyo presha inaweza kuporomoka hadi akafa.

Ukishaanza tiba, testosteroni na wingi wa damu vinapimwa tena ndani ya miezi mitatu hadi sita, afu angalau mara moja kwa mwaka. Majibu yako yote yapige picha, andika tarehe na saa damu ilipochukuliwa, weka folda moja kwenye simu. Mke ajue folda iko wapi.